Kasiksi ya Kushukuru Kifo cha Ushuru

Siku redio ilipotangaza kwamba ushuru wa kasiksi, ile bia ya ndizi, umefutwa, kuku wa mlima mzima chini ya Bihambwe walilewa. Akina mama waliokuwa wameficha makapi ya ndizi nyuma ya vyoo waliyamwaga peupe, kuku wakayavamia, na kabla ya adhuhuri jogoo wa katekista alikuwa amelala chali katikati ya barabara, miguu juu, pikipiki zikimzunguka kwa adabu kama zinavyomzunguka askari mwenye bunduki. Alipozinduka aliwika saa tisa mchana, na wazee kadhaa waliokuwa wamesinzia vibarazani wakachukua majembe kwenda shamba.

Ndagijimana aliisikia habari hiyo akiwa juu ya mlima wake, anakata majani makavu ya migomba. Alivua kofia. Alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi, wa kuvua kofia hata akipishana na ng'ombe wa watu, na majirani walisema siku akikutana na chui atamwuliza kwanza kama watoto wameamka salama. Migomba ile aliachiwa na baba yake. Haikuwa mingi, lakini ndiyo iliyomlisha yeye, mkewe Dancille na binti yao Niyigena; ndiyo iliyonunua chumvi na sabuni, ndiyo iliyolipa minerval, yaani karo, ya Niyigena pale shule ya sekondari. Hawakuwa na ng'ombe, hawakuwa na duka, hawakuwa na mjomba Goma. Walikuwa na migomba.

Ushuru wenyewe, ambao watu wa biro, ile ofisi ya kukusanya kodi, waliuita aksizi, ulitozwa kwa kila bidon, kila dumu la bia ya ndizi iliyochacha, uiuze au uinywe mwenyewe kwa huzuni. Mutobe, yaani yale maji matamu ya ndizi kabla hayajachacha, haukutozwa kitu, maana wakubwa walidhani ni kinywaji cha watoto na mapadri. Basi mlima wote ukawa wa watoto na mapadri. Kwa Dancille ndizi ziliiva ndani ya shimo, zikakamuliwa kwa nyasi ndani ya muvure, ule mtumbwi mfupi wa mti, kisha mutobe ukabebwa asubuhi hadi kwa Adelaïde, mjane aliyekimbia vita kutoka pande za Walikale na kupanga kijumba cha udongo ng'ambo ya kijito. Huko ndiko ulikotiwa unga wa mtama uliokaangwa, huko ndiko ulikochachia, na huko ndiko wanywaji walikoingilia kwa mlango wa nyuma.

Kontrola wa ushuru, Sébastien, kila alipokuja kwa Ndagijimana alikuta mutobe. Alikuwa amemwandikia barua ya madai, dola mia sita, kwa kukisia bidon za tangu sheria ilipoanza, na Ndagijimana aliikana kwa heshima kubwa, kofia mkononi. Bila ushahidi, barua ile ilikaa tu. Adelaïde hakuandikiwa chochote. Nani angemshuku mjane mwenye mbuzi mmoja?

Sasa sheria imefutwa, na kila mtu alisema barua nayo imefutwa. Katekista ndiye aliyelieleza jambo hilo vizuri zaidi: mama akifa na mimba, mtoto naye amekwenda. Watu wakaona ni maelezo yaliyonyooka, wakanywa juu yake.

Jioni ile Ndagijimana alimwambia mkewe atengeneze kasiksi nzuri, ya kwanza ya peupe, aipeleke biro.

“Ku biro?” Dancille aliuliza. “Ya kufanya nini?”

“Ya kushukuru.”

“Kushukuru nani? Sébastien? Si yeye njo aliondosha ushuru. Ni bakubwa ba kule juu.”

“Bakubwa ba kule juu sijue mulango yao. Ya Sébastien najua. Muntu akikutolea muzigo ku kichwa, utapita tu kama mbuzi?”

Dancille alisema kama ni shukrani, kanisa liko karibu zaidi. Mumewe akajibu kwamba Mungu hakuwahi kuwadai bidon. Dancille akakubali. Tena, ukweli usemwe, alitaka watu waionje kasiksi yake mchana, bila kuvuta pazia. Miaka yote sifa ilikuwa imekwenda kwa Adelaïde, kwa sababu ilinywewa kwa Adelaïde. Akakaanga mtama mwenyewe, akauacha uende karibu na kuungua, pale pale panapotoa harufu ya mkate.


Biro ya ushuru ilikuwa chumba kimoja cha mbao kando ya soko. Siku ile ya soko baraza lake lilikuwa limejaa watu waliokuja kuhakikisha kwa macho kwamba ushuru umekufa kweli, kama wanavyokuja watu kutazama nyoka aliyeuawa. Ndagijimana alitangulia na koti lake la ibada. Dancille alifuata na mtungi kichwani, umefungwa kwa jani la mgomba.

Sébastien alikuwa na sura ya mtu aliyelala na viatu. Mshahara haukuwa umemfikia tangu masika yaliyopita. Asubuhi ile ile mkubwa wake alikuwa amemwambia kwa simu kwamba biro itafungwa, na kwamba malimbikizo ya mishahara ya wafanyakazi yatalipwa kutokana na madeni ya zamani watakayoweza kukusanya kabla ya kufunga. Sheria iliyofuta ushuru ilikuwa na kifungu chake cha mwisho, kifupi, ambacho redio haikukisoma: madai yaliyotokana na wakati sheria ilipokuwa hai yanabaki. Sébastien alikuwa amefungua kabati lake, akakuta rundo la madai yasiyo na ushahidi. Alikuwa amelifunga tena. Ndipo akasikia hodi.

Kwenye milima ile bia ya shukrani haitolewi kimya. Anayepokea anaonja kwanza, anarudisha kibuyu, na anayetoa anasimama na kuutaja mzigo wote aliotuliwa, tangu mwanzo, bila kuficha, maana ukishukuru nusu umetukana nusu. Ndagijimana alizijua taratibu hizo kuliko alivyojua sala. Sébastien alionja. Alifumba macho. Akarudisha kibuyu kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, na Ndagijimana akavua kofia.

“Chef,” alisema, “tangu ule ushuru uingie, sisi tulikuwa kama bezi ba kuiba mu migomba ya baba yetu. Tunakamua kwetu, tunabeba mutobe kwa Mama Adelaïde, yeye njo anatia mutama, kule njo inachacha. Wewe ukikuya, unakuta mutobe. Na mimi nakuapia mutobe. Tulikuwa tunakucheka, chef, utusamehe. Leo tuko bantu. Asante.”

Baraza zima lilicheka. Dancille hakucheka. Tangu jina la Adelaïde lilipotoka alikuwa ameanza kukohoa, kikohozi cha kumwonya mume, na kadiri mume alivyoendelea ndivyo kikohozi kilivyozidi, hata muuza maharage mmoja akamletea maji na kumshauri aende kupimwa kifua. Ndagijimana alidhani ni vumbi la soko.

Sébastien alicheka kuliko wote. Alicheka hadi akafuta machozi kwa kiganja. Kisha akautazama mtungi, akamtazama mwenye mtungi, na wale waliokuwa karibu wakaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo.

“Papa Ndagijimana,” alisema, “hapo kwa Mama Adelaïde, rudilia. Nilikuwa ninacheka, sikusikia muzuri.”

Ndagijimana alirudia. Alirudia polepole zaidi, kwa furaha ya mtu ambaye maneno yake yamependwa, akaongeza hata mlango wa nyuma. Sébastien alivuta karatasi na kusema ataandika, ili wakubwa wajue wananchi wanavyoshukuru. Hapo alisema uongo mmoja tu. Alipoulizwa kama anajua kuandika jina, Ndagijimana aliliandika kwa herufi kubwa nzuri, akapiga na mstari chini.

Njiani kurudi Dancille alitangulia kwa hatua ndefu. Mumewe alizungumza mwenyewe hadi nyumbani, kuhusu jinsi chef alivyofumba macho alipoonja.


Barua ilikuja siku chache baadaye. Ilisomwa na Niyigena, kwa kuwa ndiye mwenye Kifaransa cha kutosha, naye aliisoma mara mbili kabla ya kuwatafsiria wazazi wake. Dola mia sita zile zile, safari hii zikiwa na ungamo lililosainiwa. Muda wa kulipa: kabla ya mwezi kwisha. Asipolipa, mali yake itakamatwa, na mali iliyotajwa ilikuwa moja, kwa sababu hapakuwa na nyingine: migomba.

Nyingine ilipelekwa ng'ambo ya kijito. Adelaïde hakujua kusoma, akaileta kwa Niyigena. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama. Halafu akauliza biro ilijuaje. Niyigena alimtazama baba yake, na baba yake alikuwa anaitazama kofia yake.

Yaliyosemwa hapo na Adelaïde yalisikika hadi kwenye malisho ya pili, na inasemekana ng'ombe waliacha kula. Alimwita Ndagijimana muntu wa kuuza bantu kwa kibuyu. Alisema kwao, kwenye msitu wa Walikale, mtu akikuonyesha njia yake ya kwenda kwenye mitego, unakufa nayo. Kwa Dancille alisema neno moja tu, kwamba alidhani yeye na mumewe ni watu wawili tofauti. Akavuka kijito bila kukunja nguo, ikalowa hadi magotini, na toka siku hiyo kanisani alihamia benchi la mbele upande wa pili, ambako mvua huvuja.

Ndagijimana na mkewe walikwenda Masisi-centre kumwona Yves, kijana anayewatetea watu mahakamani, ambaye alikuwa na meza chini ya bati la mshonaji. Walimpelekea kuku. Yves alimfunga kuku kwenye mguu wa meza, akasoma barua, akatoa nakala ya sheria mpya na kusoma kifungu cha mwisho kwa midomo bila sauti.

Ndagijimana alimweleza maneno ya katekista, mama na mimba.

“Katekista iko anasema muzuri,” Yves alijibu. “Lakini hii deni haikuwa mimba, Papa. Ilikuwa imekwisha zaliwa. Ile siku bidon ilichacha, deni njo ilizaliwa. Mama alikufa, mutoto anabaki, tena anakula.”

“Kumbe walifuta nini?”

“Walifuta ya kesho. Ya jana haikufutwa.”

Ndagijimana aliinama kidogo, kama anayetafuta kitu chini ya meza. Kuku alimtazama. Kisha akauliza kuhusu wale wengine, wa mlima wake, ambao walichachisha kuliko yeye na hawakushukuru mtu.

“Bale hawana shida. Hakuna mwenye kuonyesha kama balichachisha. Wewe mwenyewe njo ulionyesha, tena na signature.”

“Juu ya kusema asante.”

“Juu ya kusema asante na maelezo,” alisema Yves.

Ipo njia, aliendelea Yves, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya kitu ambacho mteja hawezi kukinunua. Wanaweza kulipinga deni kwenye mahakama ya Goma. Kuna malipo ya kufungua kesi, kuna safari, kuna vizuizi vya njiani ambavyo kila kimoja kina bei yake, kuna kulala na kula. Na hakimu atakapofika kwenye shauri lao, mwezi utakuwa umekwisha na migomba imekwenda. Akijumlisha yote inazidi lile deni. Dancille akauliza kama mtu anaweza kufuta asante yake kama serikali inavyofuta sheria. Yves alifikiri vizuri, kwa sababu alikuwa kijana mwenye moyo, akasema hapana. Na hata ingewezekana, akasema, ingefutwa ya kesho tu.

Alitaka kuwarudishia kuku. Ndagijimana alikataa, kwa adabu.


Walijaribu kupata pesa hizo kwa njia ambayo kila mtu angeijaribu. Sasa kasiksi ilikuwa huru, basi watengeneze nyingi, wauze, walipe. Dancille alijaza shimo ndizi hadi mdomoni. Akakamua na Niyigena, ambaye aliacha kwenda shule wiki hiyo “kwa muda”, hadi mikono yao ikawa na harufu ambayo sabuni haikuweza kuiondoa.

Lakini kasiksi ilikuwa huru kwa wote. Mlima uliokuwa wa watoto na mapadri ukageuka kiwanda. Kila boma lilikuwa na bidon mlangoni. Wanywaji, ambao zamani walikuja kwa kunyata na kulipa kabla ya kuketi, sasa walipita boma kwa boma wakionja, wakikunja uso, wakisema ya jirani ina utamu zaidi, na hivyo mtu aliweza kulewa kabisa bila kununua hata glasi. Bei ilianguka. Bidon iliyolipia daftari za shule sasa haikununua sukari. Mwisho wa wiki hata mbwa wa Bihambwe walikuwa wakichagua. Wale ambao hawakudaiwa kitu waliuza kwa bei yoyote, ilikuwa faida tupu kwao. Dancille peke yake ndiye aliyekuwa akiuza huku amebeba ushuru wa jana, na alipotaja bei yake watu walicheka kwa upole wakasogea mbele.

Ndagijimana alikwenda biro kuomba alipe kidogo kidogo. Aliambiwa angoje nje. Alingoja juu ya kreti ya bia tupu hadi jua likamzunguka. Mara moja aliombwa asogee, anaziba mwanga. Wakati huo Akilimali, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Mushaki, alipita akaingia bila hodi, na kiti kikaburutwa ndani kwa ajili yake. Ndagijimana alivua kofia alipopita. Akilimali alimwuliza, kwa urafiki wa kweli, kama mlima wake una maji.

Alipoitwa ndani Sébastien hakumtazama. Alisema kidogo kidogo haiwezekani, biro inafungwa. Alisema si yeye. Alisema hata yeye ana watoto watatu na mke anayelala kwa mamake kwa sababu ya kodi ya nyumba. Halafu akasema jambo ambalo halikuhitajika.

“Ile kasiksi yako, Papa, sijapata kunywa kama ile. Nilibakiza kidogo mu mutungi. Nilishindwa kuimaliza.”

“Ilikuwa imeharibika?” Ndagijimana aliuliza kwa wasiwasi.

“Hapana,” alisema Sébastien. “Haikuharibika.”


Mwezi ulipokaribia kwisha, Akilimali alilipa deni lao moja kwa moja biro, mbele ya mashahidi, na mlima ukawa wake. Kilichozidi kwenye bei ya mlima alimpa Ndagijimana mkononi: noti chache za franga zilizochakaa, na boule moja, yaani donge, ya jibini ya Mushaki ili wasiachane vibaya. Si mtu mbaya, Akilimali. Alisema wanaweza kukaa katika nyumba yao hadi atakapohitaji mahali pa kuweka mchungaji, na akasema hatahitaji haraka.

Dancille alitaka kujua kitu kimoja, akamtuma mumewe akaulize: ndizi zilizokuwa shimoni ni za nani? Ndagijimana alikwenda akauliza. Akilimali alicheka, akasema wachukue, yeye hataki ndizi. Ndipo walipoelewa, maana hawakuwa wamefikiri. Walidhani mlima utapata mwenyewe mwingine wa kukamua, na labda Dancille angepewa kibarua kwa sababu ya mkono wake. Lakini Akilimali alikuwa mtu wa ng'ombe, na ng'ombe hula nyasi.

Vibarua walikuja na mapanga asubuhi ya Jumatatu. Mgomba haulii ukikatwa. Unatoa maji tu. Walikata kuanzia juu kushuka chini, na kufikia wakati wa chai ya asubuhi maji ya migomba yalikuwa yanateremka mlimani kama mvua imenyesha peke yake pale, yakavuka boma, yakafika njiani, na njia ikateleza hata pikipiki iliyobeba nguruwe wawili ikalala ubavu mbele ya nyumba. Nguruwe walikimbilia ndani kwa Ndagijimana. Yeye akawasindikiza nje, akamsaidia mwenye nao kuwafunga, akamwomba radhi kwa ajili ya utelezi, kana kwamba ni yeye aliyeumwaga.

Dancille alikaa mlangoni siku nzima akihesabu kwa macho kila mkungu ulioanguka. Ilikuwepo iliyobakiza wiki moja tu kukomaa. Hakulia. Mchana alikata jibini, wakala, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Ndagijimana alitafuna kwa muda mrefu, akasema inafanana na sabuni lakini sabuni inasafisha. Alitegemea mtu atacheka.

“Niambie kitu,” alimwomba mkewe mwishowe. “Tangu ile siku hujaniambia kitu. Nilaumu.”

“Nikulaumu juu ya nini? Ulisema asante. Batu batanicheka nikisema nilikosana na bwana yangu juu ya kusema asante.”

“Unilaumu tu.”

“Nimechoka,” alisema Dancille. “Kesho ao kesho kutwa.”


Niyigena hakurudi shule. Hakuna aliyemwambia aache. Asubuhi moja alivaa nguo za shamba badala ya sare, na mama yake akampa jembe bila kumwuliza. Walikuwa wakienda wote watatu kusimama pale njia panda ambapo wenye mashamba huchagua vibarua. Kwa kawaida walichukuliwa wawili, mama na binti. Ndagijimana alichukuliwa mara chache. Wenye mashamba walisema ni mwema lakini anamsalimu kila mtu, kazi haiendi. Alikuwa ameanza kuwaulizia watu njia ya Walikale, kama kule kwenye machimbo ya Bisie bado wanahitaji watu wa kubeba mizigo. Waliomjibu walitazama mabega yake kwanza.

Biro ilifungwa. Mbao zake ziliuzwa. Sébastien alipata, kwa yale aliyokusanya, sehemu ya mshahara wake, si yote, akaondoka na godoro juu ya pikipiki. Watu walimwona akisimama pale kwenye mlima uliokatwa, pikipiki ikinguruma, halafu akaendelea.

Mvua ilianza vizuri mwezi huo. Jioni moja, saa ya kupika, mtu alisimama mlangoni na sufuria kichwani, mdomo wa sufuria ukitazama juu na maji yamejaa ndani. Alikuwa Adelaïde. Alikuwa na furushi kwapani na hakuwa na mbuzi.

Ndagijimana aliinuka, akavua kofia. Alimwambia aingie, mvua itamwua. Adelaïde hakuingia. Alisema watu wa ushuru walimchukua mbuzi, wakachukua na kitanda, na bado haikutosha, na mwenye nyumba, alipowaona wale watu mlangoni kwa mara ya pili, alisema hataki mpangaji wa kuletewa serikali. Alikuwa amelala kanisani hadi katekista alipomweleza, kwa mfano mzuri, kwamba kanisa si nyumba.

“Mama Adelaïde,” alianza Ndagijimana, “mimi siku ile...”

“Usianze,” alisema Adelaïde. “Ukianza utamaliza kwa kutaja batu bengine.” Akashusha sufuria, akamwaga maji nje ya kizingiti, taratibu, yote. “Wewe njo ulitaja jina yangu kule. Mimi sikukutuma. Sasa utanilalisha.”

Niyigena alisogea ukutani, akaacha nusu ya mkeka wake wazi. Adelaïde aliingia, akaketi juu ya ile nusu iliyobaki, akakamua ncha ya kitenge chake juu ya majivu, kando ya sufuria ya Dancille iliyokuwa motoni.

Ilikuwa maharage ya watu watatu, na hata kwa watatu yalikuwa ya aibu. Dancille alifunua, akatazama ndani, akachota maji kwenye ndoo, akaongeza.

Adelaïde alikuwa anamtazama.

“Ongeza tena,” alisema. “Niko na njaa sana.”

Dancille akaongeza tena.